Gunia Lililopakwa Ngula

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Msicheke. Nilikuwa nimetoka shule ya kilimo, cheti kikiwa ndani ya bahasha, na mtu aliyeniambia kwamba kituo cha mbegu ni ofisi ya serikali hakuniambia kwamba ofisi yenyewe ni tope. Nilivuka mto Lualaba hapa Kindu kwa mtumbwi kutoka upande wa Kasuku, ninakokaa hadi leo, nikashuka Alunguli, nikafuata njia ya mashamba. Nilipofika kituoni kisigino kimoja kilikuwa kimebaki njiani.

Mkuu wetu tulimwita Bwana Chefu wa Kituo, na sikumbuki mtu aliyethubutu kumwita vingine. Alikuwa mwembamba, mkali, na kofia yake ya majani haikutoka kichwani hata alipokula. Aliniangalia miguu, si uso. Kisha akaita kuelekea shambani, "Mama Sada! Tafutia huyu mutoto kandambili, nafikiri alikuwa anaenda kwenye harusi, akapotea."

Ndivyo nilivyomjua Mama Sada. Alikuwa mfanyakazi wa shambani, mjane, na binti yake mmoja, Zaina, alikuwa bado mdogo. Hakujua kusoma. Aliniletea kandambili zake mwenyewe, yeye akashinda peku siku nzima, na nilipotaka kumrudishia alinikemea.

Asubuhi hiyo Bwana Chefu alimwaga mezani fungu la masuke ya mpunga, akasema, "Humu ndani muko mugeni mmoja. Mutafute. Ukimupata, njo umeanza kazi." Mgeni, kwa lugha yetu ya kituoni, ni suke la aina nyingine lililojichanganya na aina unayoilinda. Ukimwacha mmoja leo, baada ya misimu michache shamba lote limekuwa mseto. Huku kunakomaa, kule bado kijani, na mkulima anakulaani. Nilitafuta hadi jua likawa utosini. Nilipima urefu, nikahesabu punje, nikatumia kila nilichosoma. Mama Sada akapita na ungo kichwani, hakusimama hata kidogo, akagusa suke moja kwa kidole.

"Njo huyu."

"Umeonaje, Mama?"

"Angalia shingo yake. Ndugu zake wanainama, yeye anaringa."

Huo ulikuwa ualimu wangu wa kweli. Cheti nilikipeleka nyumbani, nikakiweka chini ya godoro.

Vijana wa leo mnaniuliza kwa nini tulivuna polepole vile. Tulivuna suke kwa suke, kwa kisu kidogo kinachofichwa kiganjani, kwa sababu ukikata suke moja lazima uliangalie. Mundu hauangalii kitu. Masuke bora kabisa yalitoa kile tulichokiita mbegu mama, yaani mbegu inayozaa mbegu za watu wote. Hiyo haigawiwi ovyo. Unaipanda kwanza kituoni, unaizidisha, halafu ndipo wakulima wanapata. Mbegu mama ya kituo chetu iliitwa Namba Saba, kwa sababu ilitoka kwenye safu ya saba. Ilikomaa mapema kabla mvua kubwa haijaulaza mpunga chini, na wali wake ulinukia hadi kwa jirani.

Bwana Chefu alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila tulipofunga gunia. Aliweka mkono juu ya fundo, akatutazama mmoja mmoja. "Mbegu si chakula. Siku ambayo utaona mbegu na mate yakakutoka, kuya uniambie, nitakuandikia barua, uende kukaanga maandazi." Tulicheka, lakini tuliishika. Mimi niliishika kuliko wote, na ndiyo sababu naandika.

Baada ya miaka kadhaa Bwana Mkaguzi wa Mkoa alinipeleka Pangi. Ukitoka Kindu unaliacha bonde la mto, ardhi inaanza kupanda, na ukifika huko unaamka asubuhi ukungu umekaa juu ya vilima, unatafuta sweta. Udongo mzuri, watu wakarimu, ila nusu ya vijana walikuwa mashimoni wakichimba mawe ya madini, na mashamba waliachiwa mama zao. Nilitembea vijiji kwa baiskeli, na pale kilima kiliposhinda baiskeli, niliibeba.

Huko ndiko nilikopata kazi ya dawa nyekundu. Serikali ilileta mbegu zilizopakwa dawa ya kuzuia ukungu na wadudu, na dawa hiyo ilitiwa rangi nyekundu kwa makusudi, ili mtu akiona ajue hii haiendi chunguni. Familia moja ilizitwanga, ikazila. Waliugua sana, kidogo waage dunia. Bwana Mkaguzi alikuja mbio na gari lake, akasimama mbele yangu jasho likimtiririka. "Mademoiselle, sitaki kusikia tena. Nenda kila kijiji. Muntu yoyote akiona mupunga mwekundu, akimbie."

Basi nilihubiri kama katekista. Kanisani baada ya misa, msikitini baada ya Ijumaa, sokoni, kwenye visima. Mpunga mwekundu hauliwi! Ukiosha hauliwi! Ukitwanga hauliwi, dawa inapenya ganda! Watoto walitunga mchezo wa kuruka kamba kwa maneno yangu. Niliporudi Kindu, safari hii mimi mwenyewe nikiwa Chefu wa Kituo, niliendelea na mahubiri hayo hayo upande wa Alunguli. Hakuna jambo nililowahi kufundisha likashika vizuri namna ile.

Ni lazima niwaeleze Kindu ya wakati huo, maana wengi wenu mmeijua baadaye. Ulikuwa mji wa mto na reli, lakini tumbo lake lilikuwa mashambani. Asubuhi mitumbwi ilivuka ikiwa imejaa mpunga, mihogo, ndizi na vibuyu vya mawese, na akina mama wa Alunguli wakipiga makelele kwa waliochelewa. Treni ikija kutoka kusini ilileta chumvi, sabuni na vitenge, ikarudi na mchele wetu. Waislamu na Wakristo tulilima mashamba yaliyopakana, na mwenye sikukuu alipelekewa sahani na asiye na sikukuu. Mtu wa Kindu alijua mpunga umefikia wapi kwa kuangalia tu rangi ya ng'ambo.

Halafu vita vikaja. Sitasema nani alipigana na nani. Wengine wao bado ni majirani zetu. Nitasema yaliyotokea kwenye mpunga. Treni ilikoma. Barabara zilifungwa. Kituo kilivunjwa, magunia yakabebwa, hata meza ile ya masuke ikawa kuni. Mimi niliwahi kuvuka kurudi Kasuku na gunia moja tu la Namba Saba, nimelilaza ndani ya mtumbwi na kukaa kando yake kama kwa mgonjwa wangu. Wiki hiyo hiyo kuvuka mto kukakatazwa. Mashamba yetu yakawa yanaonekana kwa macho tu. Waliojaribu kwenda kuvuna wengine walirudi uchi, wengine hawakurudi.

Mji ukaanza kula kile ulichokuwa nacho, kisha ukala kile ambacho si chakula. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, tukala mapapai mabichi, tukachimba mizizi yake. Na mimi nyumbani nilikuwa na gunia zima la mpunga.

Kwanza niliogopa askari. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, na chochote cha kuliwa kilikuwa chao. Mchana mmoja nilifunga mlango wa jikoni, nikafungua sanduku la marehemu mama yangu, nikatoa ngula. Ngula mnaijua, unga mwekundu wa mti ambao mama zetu walijipaka walipotoka uzazini, ukaacha ngozi laini na harufu ya mbao mpya. Niliuloweka kidogo, nikapaka mpunga wote, punje kwa punje kwa mikono yangu, nikauanika juu ya mkeka mle ndani. Ulipokauka ulikuwa mwekundu kuliko dawa yenyewe. Nilijisikia mjanja sana. Nilicheka peke yangu.

Askari walikuja kweli. Mkubwa wao alifungua gunia, akarudi nyuma.

"Nini hii?"

"Mbegu ya serikali, Chefu. Iko na dawa. Ukikula unakufa."

Aliniangalia. "Leta kuku. Tutamujaribisha."

"Kuku?" nikasema. "Mukubwa, mara ya mwisho kuona kuku hapa Kasuku ni lini? Ukimupata, mimi ndiye wa kwanza kumukula."

Wenzake waliangua kicheko, naye akacheka, wakaondoka na sufuria yangu na redio. Gunia likabaki. Mtaa mzima ukajua kwamba kwa Mama Feza, ndiye mimi, kuna gunia la sumu, na nikaacha wajue. Maana hesabu yangu ilikuwa hii: jirani mmoja akijua kwamba linaliwa, kesho wamejua wote, na kesho kutwa hakuna Namba Saba tena mahali popote duniani. Kila mara nilichukua punje chache, nikazifunga katika kitambaa kibichi nione zinaotaje. Zilikuwa bado zinaota, lakini kila mara zilizolala zilikuwa zaidi. Mbegu nayo huzeeka. Nilikuwa naikimbiza amani ifike kabla mbegu haijafa.

Kisha Zaina akaja.

Alikuwa mwanamke mzima sasa, amehamia Kasuku pamoja na mama yake walipokimbia Alunguli, wakakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mama Sada alikuwa amelala mkekani, miguu imevimba. Zaina alisimama mlangoni pa jiko langu, kanga imefungwa mara mbili kwa jinsi kiuno kilivyokwisha. Aliniita yaya, dada mkubwa, kama alivyozoea.

"Yaya Feza, mama anasema roho yake inataka uji ya mupunga tu. Sombe inamurudi."

"Mupunga nitoe wapi, mudogo wangu?"

Aliingia, akapitisha mkono ndani ya gunia, akakamata konzi moja, akaiangalia. "Hakuna namna ya kuosha? Tutatwanga vizuri. Tutatupa ganda."

Ganda! Ningemwambia wakati ule kwamba ngula imeishia kwenye ganda, kwamba ndani punje ni nyeupe na safi. Kikombe kimoja kingetosha uji wa siku mbili. Badala yake nilimshika mkono, nikavifungua vidole kimoja kimoja, nikarudisha punje zote guniani. Na nilimfokea. "Unataka kuua mama yako? Sikukufundisha mimi mwenyewe? Dawa inapenya ganda! Nenda ukanawe mikono mara moja!"

Nilimpa nusu ya sombe yangu. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaenda. Mama Sada hakumaliza wiki. Wanaume wa msikitini walimbeba asubuhi, wachache, wakipumzika kila hatua kadhaa. Sijui kama uji ungemponya. Nimejiuliza mara nyingi, nami si daktari. Lakini alitaka uji, na mimi nilikuwa nao, naye ndiye aliyenivua viatu vya kisigino akanivika kandambili zake. Naona aibu hadi leo, na sitafuti neno lingine.

Vita havikuisha siku moja. Vililegea. Siku moja mtumbwi mmoja ulivuka bila kupigiwa risasi, kesho yake miwili. Nilibeba gunia langu Alunguli, nikawaita akina mama wa mashamba chini ya paa lililobaki la kituo. Walikuja kwa furaha, wakanikumbatia, wakalia. Nikafungua gunia, wakarudi nyuma kama yule askari.

"Hapana," alisema mzee mmoja aliyekuwa msimamizi wa vibarua wa kituo. "Wewe mwenyewe ulitufundisha. Mupunga mwekundu, kimbia."

"Baba, huu ni wa kupanda."

"Muda wote huu imelala ndani ya sumu. Itazaa nini? Hatutaki kuzika tena."

Nilieleza, nikaapa, nikamtaja Mungu. Wapi! Niliwafundisha vizuri mno. Mvua zilikuwa zimekaribia na mbegu ilikuwa inakufa mle mle guniani, nami nilijua dawa moja tu ya ubishi ule. Na Zaina alikuwa pale, amesimama ukutani, amekuja kudai shamba la mama yake.

Nilimtazama. Sikuweza kumtazama sana. Niliomba kinu, nikachota kikombe cha mpunga mwekundu, nikatwanga mbele yao. Ganda likavunjika, pumba nyekundu ikaruka, na chini ya kinu mchele ukatoka mweupe kabisa. Nikapepeta, nikaosha, nikapika. Nilipokaa chini na sahani nikasema kwa sauti, "Si dawa. Ni ngula. Ilikuwa ngula tangu mwanzo." Nikala tonge la kwanza. Lilikuwa la Namba Saba, harufu ile ile.

Wengine walisubiri nianguke. Zaina hakusubiri. Alitoka ukutani, akachuchumaa mbele yangu, akatia mkono katika sahani ile ile, akala. Alitafuna polepole, macho yake yakiwa kwangu. Kisha akafunua kona ya kanga yake, akasema, "Nipimie ya shamba ya mama." Baada yake walijipanga wote.

Msimu huo mpunga uliota nusu, lakini nusu hiyo ilitosha. Tulivuna suke kwa suke. Msimu wa pili tulipanda zaidi, na baadaye ukavuka kurudi Kasuku, ukapanda Pangi, nikasikia umefika hata Lubutu na Punia migongoni mwa watu wa baiskeli. Sokoni akina mama hawaujui kwa jina la Namba Saba. Wanauita Ngula. Kijana mmoja mwenye shahada aliwahi kunieleza kwa subira kwamba umeitwa hivyo kwa sababu ya udongo mwekundu. Nikamwambia asante kwa somo.

Nilifanya kazi hadi macho yalipokataa kuona shingo ya suke, nikaandika barua ya kustaafu mwenyewe kabla hawajaniandikia. Kindu mnayoiona sasa imejaa pikipiki na simu, na treni inakuja inapojisikia. Lakini panda mtumbwi asubuhi utazame ng'ambo, utajua mpunga umefikia wapi. Hilo halijabadilika.

Mwaka ule nilipostaafu Zaina aliniletea mpunga mpya, tukakaa barazani kwangu tukichambua wageni, yeye akiwaona na mimi nikijifanya nawaona. Ana macho ya mama yake. Nilikuwa nimebeba swali lile miaka yote, na nikaona nikifa nalo nitakuwa mjinga.

"Zaina, siku ile Alunguli. Kwa nini hukuogopa?"

Hakuacha kuchambua. "Mi nilikuwa najua, yaya."

"Ulijua nini?"

"Siku nilikuja kuomba, ulisema ninawe mikono. Sikunawa. Nilikimbia kwa mama na mukono hivi. Mama akanusa. Akasema, hii si dawa, hii njo ngula, Feza anaficha mbegu. Akaniambia nifunge kinywa, nisimwambie muntu. Na nisikuombe tena."

Niliuweka chini mpunga uliokuwa mikononi mwangu. Nikauliza, kwa sauti isiyokuwa yangu, kama Mama Sada alinikasirikia.

"Mama? Apana. Mama alikuwa muntu ya kituo kama wewe." Aliokota suke moja, akaliangalia shingo, akalitupa. "Mi njo nilikasirika. Sikukuomba tena, nilitii. Lakini kila asubuhi nilikuwa naangalia njia. Nilikuwa nangoja ulete mwenyewe. Hata kikombe."

Nililia. Mwanamke mzima, mzee, mstaafu wa serikali, nililia barazani watu wakipita. Zaina aliniacha nilie, akaendelea kuchambua, na tulipofika mwisho wa fungu akasema tu kwamba jua limekuwa kali, tuingie ndani.

Tangu mwaka huo, kila mavuno, naenda kituo kipya, na kabla gunia la mbegu mama halijafungwa, natoa kikombe kimoja. Bwana Chefu angeniandikia barua. Natwanga, napika uji mwepesi, na Zaina, ambaye hakuihama nyumba ile ya tatu, anakuja tunakunywa. Vijana wa kituo wameiona desturi hiyo, na sasa nao wanatoa kikombe chao, wanampelekea mgonjwa wa mtaani. Juzi mmoja wao alinifuata na daftari, akaniuliza sheria hii iko katika kitabu gani cha mbegu, apate kuiandika vizuri.

Nikamwelekeza nyumba ya tatu kutoka kwangu.